Ati Tumejitakia

Iko kauli ambayo kwa miaka mingi nimeisikia barazani, nimeisoma magazetini, na nimeiona ikipokewa na wenye elimu na wasio nayo kwa utii ule ule ambao watu huupa msemo wa wahenga, nayo ni kwamba serikali ya Kenya, kwa kuwa imechaguliwa, ni serikali ya watu, na kwamba kwa sababu hiyo kila dhuluma tuionayo ndani yake tumejitendea wenyewe. Msomi huitamka kwa kusema kila taifa hupata watawala linaowastahiki. Mchuuzi wa Marikiti husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mcha Mungu huiegemeza kwenye riwaya isemayo kwamba mlivyo ndivyo mtakavyotawaliwa, ijapokuwa wajuzi wa hadithi wamekwisha kuihesabu miongoni mwa zilizo dhaifu, na udhaifu huo haujaipunguzia safari zake hata hatua moja.

Majuzi niliisikia tena, baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza letu la Mji wa Kale, Mombasa. Mazungumzo yalikuwa ya ushuru na bei ya unga. Maalim mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu na ambaye amewasomesha nusu ya waliokuwapo, aliweka kikombe chake chini akasema, "Hawa hawakushuka mbinguni. Tumewaweka sisi kwa kura zetu. Tumejitakia." Watu wakaafiki kwa vichwa, muuza kahawa akapitisha dele lake mara ya pili, na maneno yakahamia kwenye mpira. Nilirudi nyumbani na ghadhabu ambayo sikuweza kuieleza kwa adabu mbele ya mwalimu wangu, na makala haya ndiyo adabu niliyoipata.

Lakini insafu itangulie. Wanaoishika kauli hii husema hivi: Kenya hupiga kura kila baada ya miaka mitano, tena kwa siri, na kila mtu mzima aliyeandikishwa ana kura moja, awe mwenye jumba la Nyali au mwenye kibanda cha mabati kule mtaa wetu wa Bangladesh. Matokeo hayajulikani kabla ya siku yake: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, jambo lililokuwa geni katika Afrika nzima, na mwaka 2022 mgombea aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa akiondoka alishindwa. Katiba ya 2010 inatamka katika ibara yake ya kwanza kabisa kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu wa Kenya. Magazeti husema, mahakama huizuia serikali, na yeyote akitaka aweza kugombea. Basi, wauliza, ikiwa mlango u wazi na mpiga kura akampitisha mwizi kwa kuwa ni wa kabila lake, au kwa kuwa amepewa leso na pakiti mbili za unga, wa kulaumiwa ni nani?

Mambo hayo, ukiyashika moja moja, mimi siyakanushi. Nakanusha hesabu yake inapojumlishwa, kwa sababu katika kujumlisha huko kuna tarakimu zilizofichwa chini ya mkeka, na kila mara zinapofunuliwa huonekana kwamba deni la mtu mmoja limeandikwa katika daftari la mwingine.

Kwanza: neno lenyewe

Neno kura tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko kwao maana yake ni kitu kingine kabisa na uchaguzi. Ni ile bahati nasibu ambayo watu huipiga wanapotaka kugawa jambo pasipo upendeleo. Wanawake wa mitaa yetu wangali wanaijua maana hiyo ya asili. Wanapoanza mchezo wao wa upatu, huandika majina katika vipande vya karatasi, huvikunja, huvitia katika bakuli, na humwita mtoto asiyejua kusoma aje achovye mkono. Mwenye dhahabu shingoni na mwenye kuuza viazi karai wana nafasi sawasawa ya kupokea kwanza, na hakuna aliyewahi kuchapisha mabango ili karatasi yake itoke kabla ya nyingine.

Wayunani wa Athens, wanaotajwa kila siku kuwa baba wa demokrasia, waliendesha sehemu kubwa ya dola yao kwa kura ya namna hiyo ya bakuli, na Baraza lao la watu 500 lilipatikana hivyo. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, aliandika kwamba kuteua watawala kwa kura huhesabiwa kuwa jambo la demokrasia, na kuwateua kwa uchaguzi huhesabiwa kuwa jambo la utawala wa wachache. Hakuwa akitania. Aliona kilicho dhahiri, yaani kwamba anayechaguliwa sharti kwanza ajulikane, asifiwe, na apambanuliwe na wenzake, na kwamba vitu vinavyompambanua mtu mbele ya umati mkubwa, kama ukoo, mali na ufasaha wa kununuliwa, haviko kwa watu wote.

Sisi tulichukua jina la bakuli tukaliweka juu ya sanduku. Tunasema tumepiga kura, na kumbe tumefanya lile jambo la pili. Sipendekezi hapa kwamba waziri wa fedha atolewe katika bakuli na mtoto wa mtaani, ingawa zimekwisha kupita bajeti zilizonifanya niifikirie njia hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nasema tu kwamba hoja ya "imechaguliwa, kwa hiyo ni ya watu" inaruka pengo ambalo waliobuni mambo haya waliliona kwa macho makavu.

Pili: kwamba yeyote akitaka aweza kugombea

Ada ya Tume ya Uchaguzi kwa mtu anayetaka ubunge ni shilingi 20,000, na kwa wanawake, vijana na walemavu hupunguzwa nusu. Si haba, wala si mlima. Kwa fedha hizo mtu hupata jina lake karatasini. Kwa fedha hizo peke yake hatajulikana hata na jirani wa nyumba ya tatu. Huhitaji magari na mafuta ya magari, vipaza sauti, mawakala katika kila kituo na chakula cha mawakala hao, fulana, kofia, leso, na kwa desturi tuliyoizoea hawezi kuingia msikitini, kanisani, harusini wala matangani akatoka bila kutia mkono mfukoni. Na kabla ya hayo yote huhitaji tikiti ya chama chenye nguvu mahali pake. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe hufanyika, kwani penye chama kimoja kilichoshika bara na bahari, mchujo ndio uchaguzi, na siku ya kura ni karamu ya kuutangaza. Mchujo huo aghalabu haufanyiki. Watu watatu au wanne huketi hotelini, jina hutoka na cheti chake, kisha mpiga kura huhimizwa avae suti ya vipande sita, yaani awape watu wa chama nafasi zote sita, bila kuuliza kitambaa kimekatwa na nani.

Ingewezekana sheria kupunguza uzito wa fedha, na sheria hiyo ipo. Ilipitishwa mwaka 2013 ili kuweka mpaka wa gharama za kampeni. Utekelezaji wake ukaahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 Tume ikatangaza viwango, na Bunge likavikataa. Uchaguzi wa 2022 ukapita bila mpaka wowote. Mwenye kutaka kujua ni nani anayetawala na atazame orodha ya sheria ambazo hupitishwa kisha huachwa zilale. Huko ndiko wenye nguvu hutia saini zao halisi.

Nikikumbuka haya humkumbuka pia Mkoloni, na kwa mara moja humkumbuka kwa jambo linalokaribia kuwa sifa. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, kura ziligawanywa kwa vipimo: aliyekuwa na elimu, kipato au mali aliongezewa, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura 3, na mamilioni wasiokuwa na sifa yoyote hawakuwa na hata moja. Ulikuwa ubaguzi, na wazee wetu waliulaani kwa haki. Lakini ulikuwa ubaguzi wa jahara, ulioandikwa na kuchapishwa, ambao mtu aliweza kuunyooshea kidole. Leo mwenye mali ana kura moja kwenye sanduku na mia mbili nje ya sanduku, na zile mia mbili hazimo katika sheria yoyote ambayo naweza kuipeleka mahakamani.

Tatu: kwamba kura humwondoa mtawala

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na nitakaa nayo.

Wasema: hata kama wagombea wote ni wa tabaka moja, wawili wakishindana mmoja atashindwa, na hofu ya kushindwa itawafanya wema. Hoja hii ina sharti moja, nalo ni kwamba aliyeshindwa abaki ameshindwa, na aliyepewa kazi ya kupinga apinge. Tazama basi mambo yalivyokuwa. Tarehe 28 Februari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa na baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga waligawana serikali. Tuseme hapo damu ilikuwa imemwagika na hapakuwa na njia nyingine. Tarehe 9 Machi 2018, mwaka uliofuata uchaguzi uliobatilishwa na kurudiwa, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na upinzani uliopigiwa kura na mamilioni ukayeyuka kama sukari katika chai, isipokuwa kwamba utamu haukufika kwa wanywaji. Julai 2024, Rais William Ruto alipolivunja baraza lake la mawaziri kwa hofu ya vijana wa barabarani, viongozi wakubwa wa ODM, chama cha Odinga, wakateuliwa mawaziri, miongoni mwao Hassan Joho aliyekuwa gavana wetu hapa Mombasa. Na tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Odinga wakatia saini mapatano ya kushirikiana.

Sasa mchukue mtu mmoja tu katika wale 6,942,930 waliompa Odinga kura mwaka 2022. Alipanga foleni tangu alfajiri ili kusema hapana. Hapana yake ilihesabiwa, ikatangazwa kwenye ukumbi wa Bomas, ikapingwa na kuthibitishwa mahakamani, ikawekwa. Na miaka miwili baadaye ikachukuliwa ilipokuwa imewekwa, ikabadilishwa kwa viti vya uwaziri, pasipo yeye kuulizwa. Kisha Maalim wangu amwambia kwamba amejitakia. Amejitakia lipi, hapana yake au ndiyo waliyoitengeneza kwa hapana yake?

Na yule aliyemchagua mshindi naye tumwulize. Mwaka 2013 na mwaka 2017 nchi nzima iligawanyika pande mbili, na vinara wa pande hizo walikuwa Kenyatta, mwana wa rais wa kwanza, na Odinga, mwana wa makamu wa rais wa kwanza. Mtu aliyelala tangu 1966 akaamka siku hiyo angedhani gazeti limechelewa tu kidogo kufika. Mwaka 2022 ikaja kampeni ya wilbaro. Wasiokuwa na kitu waliambiwa kwamba zamu ya koo kubwa imekwisha, na mgombea ni hasla mwenzao aliyeuza kuku kando ya barabara. Kwa haki ya Ruto, hakuzaliwa katika jumba, na hilo ni jambo lisilo dogo. Lakini alikuwa bungeni tangu 1997, alikuwa amekuwa waziri, na kwa miaka tisa kabla ya kura hiyo alikuwa naibu wa rais ndani ya serikali ile ile aliyoitaja kuwa ya makabaila. Tabaka la watawala si lazima liwe la damu. Lina mlango wa kuingilia, na kila kizazi huwapokea wachache werevu kutoka nje, huwavisha na kuwalisha, na baada ya muda huwa vigumu kumtofautisha mgeni na mwenyeji ila kwa hadithi yake ya utotoni, ambayo husimuliwa kila anapohitaji kura.

Hesabu ya mwaka huo pia ina la kusema. Mshindi alipata kura 7,176,141. Walioandikishwa walikuwa 22,120,458. Hao ambao wamejitakia, basi, kwa hesabu ya vidole hawafiki theluthi moja, na walioandikishwa lakini wakakaa nyumbani siku ya kura ni wengi kuliko waliompa ushindi. Najua jibu: waliokaa nyumbani wamejitakia kwa kukaa. Kauli hii ina ustadi wa ajabu wa kushinda kila mchezo: ukichagua umejitakia, usipochagua umejitakia, ukimchagua aliyeshindwa kisha akaingia serikalini kwa mlango wa nyuma, hilo nalo umejitakia.

Nne: kwamba Katiba imemtia raia meno

Imemtia, na baadhi ya meno hayo ni mazuri kuyatazama. Ibara ya 104 yampa mpiga kura haki ya kumwita nyumbani mbunge wake kabla ya miaka mitano kwisha. Walioachiwa kazi ya kuandika utaratibu wa haki hiyo walikuwa ni wabunge wenyewe. Wakaandika, mwaka 2011, kwamba mbunge asiitwe kabla ya miezi 24 kupita, wala katika miezi 12 ya mwisho. Kwamba Mahakama Kuu kwanza imwone na hatia. Kwamba asilimia 30 ya walioandikishwa watie saini. Na kwamba aliyeshindwa na mbunge huyo katika uchaguzi asithubutu kuanzisha ombi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitengua baadhi ya masharti hayo. Hadi leo hakuna mbunge hata mmoja aliyeitwa nyumbani. Kuwaachia wabunge kuandika utaratibu huo ni kama kumwomba paka akuchoree ramani ya mtego.

Katiba hiyo hiyo yasema chombo chochote cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za watu wa jinsia moja. Mahakama ya Juu, mwaka 2012, ililipa Bunge muda hadi 27 Agosti 2015 litunge sheria ya kutimiza hilo. Miswada ililetwa, ikaanguka, mara nyingine kwa sababu tu waheshimiwa hawakufika ukumbini kwa idadi itakiwayo. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge, kama Katiba inavyoagiza. Bunge halikuvunjwa. Raia wa kawaida akipuuza hukumu ya mahakama juu ya kodi ya nyumba, huja watu na gari wakamtolea godoro nje.

Lakini kisa kinachonipendeza kuliko vyote, kwa jinsi tamthilia ipendezavyo, ni kile cha BBI, ule mpango wa kuibadili Katiba. Katiba imeweka njia mbili za kuibadili: moja hupita Bungeni, na ya pili huanzishwa na wananchi wenyewe kwa kukusanya saini milioni moja. Baada ya ule mkono wa 2018 kutolewa na kupokelewa, wakubwa wawili walitaka Katiba igeuzwe ili nafasi za juu ziongezwe, na kati ya njia mbili wakachagua ile ya wananchi. Saini zikakusanywa, zikazidi milioni. Mabaraza ya kaunti yalipokuwa karibu kuupigia kura mswada huo, madiwani, ambao walikuwa wakidai magari kwa muda mrefu, wakaidhinishiwa shilingi milioni 2 kila mmoja za kununulia gari, na siku chache baadaye mabaraza zaidi ya 40 yakaupitisha, mengine kwa nderemo. Kila hatua ilikuwa na muhuri wa umma. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema kwamba Rais hawezi kujifanya mwananchi wa kuanzisha mpango wa wananchi, na mambo yakaishia hapo.

Wapinzani wangu hukishika kisa hiki kwa furaha: umeona, demokrasia imefanya kazi! Nami nawaomba wakitazame tena. Wengi wa waliochaguliwa na watu, kuanzia rais hadi diwani, walisimama upande wa mpango ule. Waliouzuia ni majaji ambao hakuna mtu aliyewapigia kura. Basi ikiwa kuchaguliwa ndiko kunakoifanya serikali iwe ya watu, siku ile watu waliokolewa na wasio wao kutokana na walio wao. Mwenye kuweza kuyapatanisha haya na aje barazani, kahawa itakuwa juu yangu.

Tano: kwamba mpiga kura ameuza kura yake kwa leso

Hapa sauti za wenye kauli hupanda, na nyuso huvaa huzuni ya mwadilifu. Mama fulani alipokea shilingi 200 na leso. Ameuza miaka mitano ya watoto wake! Kwanza nauliza kwa nini katika biashara hii, ambayo ina mnunuzi na muuzaji, khutuba zote huelekezwa kwa muuzaji. Mnunuzi alikuja na gari la leso kutoka kiwandani. Yeye ni mwanasiasa mjanja. Aliyepokea moja ni msaliti wa taifa. Sheria ya uchaguzi huwahesabu wote wawili kuwa na hatia, lakini ulimi wa baraza umekwisha kutoa hukumu na kumwachilia mmoja.

Pili nauliza kama mama huyo ni mpumbavu jinsi anavyodhaniwa. Alipokea leso za wagombea wote wanne, na kura yake ni ya siri. Anajua kwa tajiriba ya chaguzi zilizopita kwamba aliyemwahidi zahanati hakuijenga, na aliyemwahidi maji hakuyaleta, na kwamba katika vyote vilivyowahi kutoka kwa waheshimiwa, kitu pekee kilichofika mikononi mwake ni ile leso. Anachukua malipo ya mkononi mahali ambapo mikopo imekataa kulipwa. Mfanyabiashara wa Barabara ya Digo angefanya vivyo hivyo na tungemwita mwerevu.

Na kabila? Njoo nikupeleke mashambani kwetu Pwani. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi ya ukanda wa maili kumi iliwapa hati wenye kuweza kudai kwa karatasi, na maelfu ya Wamijikenda waliokuwa wakilima pale wakabaki wageni juu ya makaburi ya babu zao. Hadi leo wajukuu wao huitwa maskwota. Kila majira ya uchaguzi huja ahadi ya hatimiliki, na mara nyingine huja hatimiliki zenyewe, hutolewa uwanjani kwa mkono wa mkubwa, mbele ya kamera, kama sadaka. Ardhi yake mtu anapewa kama hisani! Mahali ambapo haki hugawanywa kwa hisani, akili ya kawaida humwambia mtu aitafute hisani kwa aliye karibu naye kwa lugha na damu, maana wa mbali hana sababu ya kumkumbuka. Walioifanya haki iwe hisani ndio waliolifanya kabila kuwa karata, kisha hugeuka wakamcheka anayeicheza.

Sita: kwamba wenzetu wamepona

Hili nitalipita mbio. Huambiwa maradhi haya ni ya Afrika, na kwamba tungojee tukomae kama Uingereza na Marekani. Uingereza imekwisha kupata mawaziri wakuu 20 kutoka shule moja ya kulipia, Eton. Marekani, Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 2010 kwamba makampuni yaweza kutumia fedha bila kikomo kushawishi uchaguzi, madamu hayamkabidhi mgombea mkononi. Tukikomaa hivyo, kauli yetu hii itahitaji tafsiri ya Kiingereza tu.

Wengine huruka upande wa pili wakasema kwamba utawala wa wachache ni tabia ya ulimwengu, kama alivyodai Mjerumani Robert Michels mwaka 1911 alipovichunguza vyama vya wafanyakazi na kukuta kila mahali wakubwa wachache wamekalia viti. Sibishani naye hapa. Nashangaa tu kwamba mtu yule yule anayesema asubuhi "wanasiasa wote ni wamoja" husema alasiri "tumejitakia". Ikiwa wote ni wamoja, palikuwa na nini cha kuchagua? Na kama palikuwa na cha kuchagua, si wote ni wamoja. Ashike moja, aliachilie la pili liende zake.

Turudi kwetu. Tarehe 25 Juni 2024 watu walijaribu kutojitakia. Mswada wa Fedha ulikuwa umepingwa mitaani kwa siku kadhaa, kwa amani, na vijana wasio na kiongozi wala kabila la kutajwa. Wabunge waliokuwa na simu zilizojaa maombi ya wapiga kura wao wakaupitisha siku hiyo kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana wakaingia Bungeni. Risasi zikapigwa, na katika wiki zile makumi wakauawa. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Nani aliyetawala Kenya kwa saa zile 24? Na wale wenye kauli yetu walisema nini? Walisema vijana wana haraka, wana sanduku la kura, wangoje 2027. Mwezi Desemba mwaka ule ule, sheria nyingine ya kodi ikatiwa saini, na ndani yake zilikuwamo baadhi ya tozo zilizokuwa zimekataliwa kwa damu.

Ijumaa iliyopita nilirudi barazani. Nilimsalimia Maalim, nikambusu mkono kama ilivyo desturi, nikakaa. Akaniuliza, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia, "Nasikia hutaki tena kupiga kura." Nikamwambia, "Hasha, Maalim. Nitapanga foleni mapema kama nilivyofanya siku zote. Ila nina swali dogo." Nikawauliza wote waliokuwapo, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, ni nani miongoni mwao anayejua watu waliokaa wakaamua kwamba diwani wetu awe ndiye mwenye tikiti ya chama, walikaa wapi, na walikaa siku gani. Wakatazamana. Mmoja alidhani ilikuwa hoteli ya Nyali. Mwingine akasema hapana, ilikuwa Nairobi. Maalim alikizungusha kikombe chake kitupu juu ya kisahani kwa muda, kisha akamwita muuza kahawa.